Rotili Mpya na Mikono ya Papa

Ko-ko. Kisha kimya kidogo, halafu ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa kiwiko kwa sababu mikono yake imejaa mizigo. Hiyo ndiyo sauti ya gari ya Papa ikiingia kwenye avenyu yetu pale Katoyi, na hata leo nikifumba macho naisikia sawasawa. Gari yenyewe ni jipu ya zamani, iliyokuwa nyeupe kabla vumbi la lava halijaamua vingine. Injini ilinguruma mbele, lakini ile ko-ko ilitoka chini, karibu na magurudumu ya mbele, kila gari ilipopanda jiwe na kushuka. Na kwetu mawe hayaishi. Mama akiisikia kutoka jikoni alisema, "Baba yenu huyo," nami nikakimbia kufungua geti kabla hajapiga honi.

Niliipenda sauti hiyo miaka mingi bila kujiuliza ni ya nini. Nilidhani kila gari ina sauti yake, kama vile kila mtu ana kikohozi chake.

Mama anakodisha viti, hema na masufuria makubwa kwa arusi na kwa kilio. Papa ndiye dereva wa mizigo hiyo. Mimi, tangu niache masomo nikiwa sekondari, naosha masufuria na kufunga kamba. Tulipokwenda kazini kila mtu alikuwa na mahali pake: Papa kwenye usukani, Mama kando yake na mfuko wa miiko magotini, mimi nyuma kabisa juu ya viti, nikiota ndoto zangu. Nilijiona tukipita Sake bila kusimama, tukiendelea mpaka Kisangani, tukipikia watu wasiotujua, tukisifiwa na mabwana arusi wa kila namna. Mbele yangu niliona vichwa viwili vya wazazi wangu vikirushwa pamoja kwa kila shimo, halafu vikigeukiana kubishana. Walibishana kuhusu njia, kuhusu chumvi, kuhusu kama bibi arusi wa juzi alilia kweli au alijikamua tu. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yangu.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Mugunga, kwenye lami, gari ikaingia shimo dogo tu, na magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka. Haukuwa mtikisiko tuliouzoea. Usukani uliruka kushoto na kulia ndani ya mikono ya Papa kama kuku anayekataa kushikwa, na vioo vyote vikalia. Papa aliing'ang'ania gari mpaka ikasimama pembeni, tairi moja ikiwa karibu kabisa na mfereji. Hakuna aliyeumia. Miiko ilikuwa imemwagika miguuni mwa Mama. Aliiokota mmoja mmoja, akashuka, akasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, akarudi nyumbani nayo. Tangu siku hiyo hakupanda tena gari ya Papa.

"Mi sina hasira," alimwambia jioni ile, tukiwa tunakula. "Niko na woga. Hasira inaishaka. Woga inakaa mu tumbo."

Papa alimega fufu akaishika mkononi bila kuichovya.

Basi Mama akawa anakwenda kwenye arusi kwa pikipiki, na mfuko wake wa miiko, na sisi wawili tunafuata na mizigo. Viti vikiwa vingi mpaka nyuma hapatoshi, Papa hakuweka hata kimoja kwenye siti ya mbele. Nilijaribu kukaa pale mara moja. Aliniambia kwa upole, "Nenda nyuma, mutoto yangu, viti vitaanguka." Viti vilikuwa vimefungwa vizuri, mimi mwenyewe ndiye niliyevifunga. Nikarudi nyuma. Kutoka pale nilikuwa naona kichwa kimoja tu, hakina wa kugeukia. Na nyumbani nako maneno yalipungua. Walisemezana kama watu wanaopitishiana chumvi. Hicho ndicho kilichonifanya nianze kuuliza ile ko-ko ni nini, maana niliona kwamba kama hatuimalizi, itaendelea kula kitu kingine ambacho hakiuzwi kwenye duka la vipuri.

Fundi wa garaji tuliyemzoea alikuwa na dawa moja. Alisema rotili zimelegea. Rotili ni kichwa cha chuma, mviringo kama goroli kubwa, kinachogeuka ndani ya kikombe chake. Zipo pale ambapo vyuma vya usukani vinaungana ili kupeleka amri ya dereva kwenye magurudumu. Goroli ikilika, inacheza ndani ya kikombe, na ukiipandisha jiwe inagonga: ko-ko. Fundi alikata kipande cha tairi kuukuu, akakisindilia mle ndani kwa nyundo, akasema tayari. Wengi hapa Goma wanafanya hivyo na gari zinatembea. Inashika siku kadhaa, halafu mpira unasagika, sauti inarudi.

"Munajaza mupira mu chuma, kisha munaniambia nipande," alisema Mama. "Mi si kiti."

Papa alipopata rotili mpya, alizileta nyumbani ndani ya mfuko mweusi, akizishika kwa mikono miwili kama mtu aliyenunua nyama nzuri.

"Tutazifunga siye wenyewe, hapa," alisema.

"Na fundi?" nikauliza.

"Yule? Nikimupelekea, atazijaza mupira hata kama ni mupya."

Tulianza Jumatatu, siku ambayo watu hawaoi. Kiwanja chetu ni lava tupu, kimevimba huku na kuzama kule, kwa hiyo tulilaza mlango mmoja wa zamani chini, tukaweka kiriki juu yake ndipo tukainua gari. Papa akaweka mawe nyuma ya magurudumu na gogo zito chini ya chasi, akalitikisa, akalitikisa tena, kisha akaniruhusu kuingia chini. Alitaka niangalie tu. Lakini mimi nikiangalia kitu lazima nikiguse. Nikaweka kiganja juu ya rotili ya kushoto, nikamwomba ashike gurudumu alisukume na kulivuta. Ko-ko ikaniingia mkononi. Nilicheka peke yangu kule chini. Nilikuwa nimeisikia tangu utoto, na siku hiyo ndipo tulipokutana ana kwa ana, baridi, imejaa grisi nyeusi, ikigonga kiganja changu kama moyo wa mbuzi mdogo.

"Nini tena?" Papa akauliza.

"Nimeisalimia."

Kufungua nati hakukuwa kazi. Ulitoa pini iliyopinda, ukazungusha. Kazi ilikuwa kuitoa rotili yenyewe kwenye tundu lake. Shina lake limechongwa likiwa jembamba upande mmoja, linakaba ndani ya tundu, na baada ya miaka yote ile lilikuwa limeshikana na chuma cha gurudumu kama ndugu. Papa alieleza njia yake: nyundo mbili, moja huku na nyingine kule, zikipiga ukingo wa tundu kwa wakati mmoja. Chuma kinashtuka, kinaachia. Akachukua moja, akanipa nyingine. Tukapiga. Yake ilifika mbele, yangu ikafuata. Tukapiga tena, yangu ikatangulia. Papa akapiga kidole chake, akaketi juu ya jiwe akakinyonya.

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na kitambaa begani.

"Leta hiyo nyundo," akamwambia Papa. "Weye na mutoto hamuwezi. Siye tumezoea."

Na kweli tulikuwa tumezoea. Mimi na Mama tunatwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja tangu nilipoweza kuinua mchi, michi miwili kwenye kinu kimoja, haijawahi kugongana. Akachuchumaa upande mwingine wa gurudumu, tukaanza. Tu-ta, tu-ta, tu-ta. Mwendo mzuri kabisa, mtu angeweza kucheza. Rotili haikusogea hata kidogo.

"Hapana," Papa akasema. "Mupige wakati moya. Pamoja."

Tukajaribu pamoja. Tu-ta.

"Pamoja, nilisema."

"Ndiyo pamoja hii," Mama akajibu.

"Mmoja anapanda, mwingine anashuka. Hiyo ni sombe."

Tulihesabu kwa sauti, tukaangaliana machoni, tukavuta pumzi. Mikono ilikataa. Kila nilipotaka kupiga naye, mkono wangu wenyewe ulisubiri kidogo, umpishe. Mama naye vilevile. Mwisho tulikuwa tunacheka mpaka nyundo zimetulemea, na Papa, kidole kikiwa bado mdomoni, alikuwa anacheka pia. Sikuwa nimewasikia wakicheka pamoja tangu ile siku ya mfereji.

Mama ndiye aliyepata njia. Akaegemeza nyundo yake kubwa upande mmoja wa tundu, akaituliza pale bila kuisogeza. "Mi nakaa. Weye piga peke yako." Nikapiga mara chache kwa nguvu zangu zote, na rotili ikaruka chini ikasema pa juu ya mlango wa zamani.

Papa alimtazama. "Sasa utapanda?"

Mama akasimama, akapangusa mikono kwa kitambaa. "Nimesaidia chuma, baba batoto. Sijasema nimepanda." Akarudi kwenye maharage yake.

Zilizobaki zilitoka kwa njia ileile ya Mama, nyundo moja ikitulia na nyingine ikipiga. Kabla ya kuzungusha rotili nje ya bomba lake, kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, nilipaka alama kwa verni yangu ya kucha, nyekundu, pale uzi wa chuma ulipoishia, ili mpya iingie mpaka palepale. Papa alisema ni akili nzuri. Nilijivuna kidogo. Halafu nikakwama: upande mmoja ulifunguka kama nati zote za dunia, lakini upande wa pili, kadiri nilivyofungua ndivyo ulivyozidi kukaza. Nilidhani nimeuharibu. Papa akaniambia nizungushe kinyume, na ikatoka laini kabisa.

"Juu ya nini inaenda kinyume?" nikauliza.

"Sijui. Iko vile."

Jibu hilo halikunitosha. Tulipokwisha kuweka mpya pande zote mbili, nilibaki nimelala pale chini nikiwaza. Nikashika bomba katikati, nikalizungusha kwa mikono. Rotili zote mbili zikatoka nje kidogo kwa pamoja, huku na kule. Nikalizungusha upande wa pili, zote mbili zikarudi ndani. Kumbe aliyeitengeneza alitaka mtu alale katikati kama mimi, ageuze bomba moja tu, na magurudumu yote mawili yasogee. Nilijisikia kama mtu huyo, popote alipo, ameniachia ujumbe ndani ya chuma akijua kwamba siku moja mtu ataukuta. Nilimweleza Papa. Alizungusha bomba yeye mwenyewe, akazungusha tena, akasema, "Miaka yote hii."

Bomba hilo ndilo lililotuwezesha kunyoosha magurudumu. Papa alipima nafasi kati ya matairi, kwanza mbele yake, kisha nyuma yake, kwa mwanzi mmoja mrefu wa hema. Mbele panatakiwa pawe pamebana kidogo sana kuliko nyuma. Yeye akipima, mimi nageuza bomba. Tulipomaliza tukakaza, tukatia pini mpya, tukashusha gari.

Papa akaitoa barabarani. Mama alisimama getini, mikono amekunja. Gari ikaondoka bila ko-ko, kimya, mpaka nikahisi masikio yangu yana kasoro. Lakini haikwenda moja kwa moja. Ilienda kushoto kidogo, ikashtuka, ikaenda kulia, ikashtuka, kama mtu aliyetoka kunywa pombe ya ndizi anayetaka jirani wasijue. Ilifika mwisho wa avenyu, ikageuka, ikarudi vilevile.

Mama alifungua mikono yake akaingia ndani, na hilo lilikuwa baya kuliko neno lolote.

"Tumeharibu," Papa akasema, akizima injini. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Kesho tunarudisha za zamani."

Nililala chini tena. Nikaweka kiganja juu ya kila rotili, na Papa akatikisa magurudumu. Hakuna hata moja iliyocheza. Nikaangalia nati, nikaangalia pini, nikapima kwa mwanzi upya. Kila kitu kilikuwa kimekaa. Nikaenda jikoni kunawa, nikamkuta Mama anatwanga sombe peke yake. Nikachukua mchi wa pili bila kufikiri, mkono wangu ukaingia kwenye nafasi yake, tu-ta, tu-ta, na sikuwa nimeuamuru. Nikasimama mchi ukiwa juu. Nikawaza kuhusu mikono ya Papa. Miaka mingapi imeshika usukani uliolegea, ikirekebisha huku, ikirekebisha kule, kabla hata gari haijakosea?

Sikumwambia Mama. Nilirudi nje nikamwomba Papa tuinue mbele ya gari tena kwa kiriki.

"Ya nini?"

"Nataka kuona kitu. Kaa mu gari, shika volan, fumba macho. Ufanye kama unaenda Sake, njia iko nzuri, hakuna shimo."

Alinitazama kama anavyonitazama ninapomsimulia kuhusu Kisangani, lakini akakaa, akafumba macho. Mimi nikasimama mbele. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha mikono yake ikaanza, kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto, na magurudumu yakaitika hewani kila mara, kama mkia wa mbuzi anayefukuza nzi. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Aliamini ameushika usukani bila kuusogeza.

Nikakimbia kumwita Mama, kidole mdomoni asiseme. Alikuja akasimama kando yangu. Tukatazama magurudumu. Tukatazama mikono. Tukatazama magurudumu.

"Baba batoto," akasema polepole, "hii njia ya kwenda Sake ina kona mingi hivi?"

Papa akafumbua macho. "Hapana kona. Iko sawa tu."

"Angalia mikono yako."

Akaiangalia. Iliendelea kidogo hata akiiangalia, kisha ikasimama. Nikamweleza: zamani mikono ikicheza hivyo, ule ulegevu wa rotili ulikuwa unameza yote, magurudumu hayapati habari. Sasa yanasikia kila kitu anachosema. Papa aligeuza kiganja chake juu akakitazama kama cha mtu mwingine.

"Kumbe," Mama akasema, "mi naogopa gari, kumbe niogope bwana."

Hapo Papa alicheka, kicheko kirefu, mpaka honi ikalia kwa tumbo lake.

Siku zilizofuata alijifunza upya. Nilikuwa nasimama kando ya barabara, naye anapita polepole, ameshika usukani kwa vidole tu, midomo amebana kama mtoto anayebeba bakuli la mchuzi. Alianza vibaya. Wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walimpigia kelele, "Muzee, umepata lini permi ya kuendesha?" naye akawaambia, "Kesho." Taratibu gari ikaacha kulewa. Mama alikuwa anatazama kwenye geti, lakini mara tu Papa alipogeuza kichwa upande wake, alijifanya anafagia.

Jumamosi tulikuwa na arusi upande wa Katindo. Tulipakia masufuria na nusu ya viti; mimi nilipaswa kubaki na nusu nyingine kungoja Papa arudi. Mwenye pikipiki wa Mama alifika kama kawaida, akasimama getini akiwa amewasha. Mama akatoka na kitenge kizuri na mfuko wake wa miiko. Akamwendea, akaufunga mfuko kwenye siti ya nyuma ya pikipiki, akaukaza kwa kamba.

"Leo beba hii tu," akamwambia. "Pole pole. Isimwagike."

Kijana akauliza, "Na weye, mama?"

"Mi niko na dereva."

Papa alikuwa ameshika usukani. Alipomwona Mama anazunguka upande wa pili aliinama haraka akapangusa siti ya mbele kwa mkono wa shati, ingawa haikuwa na vumbi hata kidogo. Mama akapanda. Akafunga mlango, akaufungua, akaufunga vizuri zaidi. Mkono wake mmoja ulishika dirisha kwa nguvu, niliona vidole vimekaza.

"Tupite wapi?" Papa akauliza.

"Pale tunapopitaga."

"Pale kuna mawe."

"Kwani kupita kwingine kuna mikate?"

Nikafungua geti. Waliondoka wakibishana, bila ko-ko yoyote, na kabla hawajafika kona niliona mkono wa Mama umeachia dirisha kwa sababu aliuhitaji kumwonyesha Papa kitu.

Niliketi kwanza juu ya viti vilivyobaki. Kisha nikatoka barabarani. Vumbi jeusi lilikuwa limeshika alama za matairi, mistari miwili iliyonyooka, iliyoondoka getini kwetu na kushuka na avenyu. Hakukuwa na mtu karibu. Nikavua kandambili, nikaweka mguu ndani ya mstari mmoja, kisha mwingine mbele yake, nikaufuata bila kutoka nje mpaka kwenye kona.